Dawa ni bure, lakini bei yake ni ngapi? Uzi kuhusu bima, tembe na Kapedo

Uzi mrefu leo. Kama una chai, isogeze karibu.

Kila mjadala wa SHA ukianza, iwe kwa redio, kwa matatu ama hapa mtandaoni, sentensi mbili hujitokeza kabla dakika tano hazijaisha. Ya kwanza: "Watu wakipewa kitu bure hawakithamini, wacha walipe kidogo." Ya pili: "Serikali itoe dawa bure, shida iishe." Zote mbili zinapigiwa makofi jukwaani. Na zote mbili zimeshajaribiwa hapa hapa Kenya, tena zaidi ya mara moja, na majibu yapo. Ni vile tu hayaingii kwa hotuba.

Sheria za nyuzi zangu ni zilezile: sitaji mwanasiasa, sitaji chama. Ukija hapo chini na jina la mtu wako, nitapita kama sijaona.

Mfano wangu leo ni Kapedo, kwa sababu sera ikifanya kazi Kapedo itafanya kazi popote. Kwa wale wanaopajua kwa habari za risasi pekee: ni kituo kidogo mpakani mwa Turkana Mashariki na Tiaty ya Baringo, mahali penye chemchemi za maji moto na maporomoko ambayo pangekuwa na amani tungekuwa tunalipa kiingilio kuyaona. Kaunti mbili zinapavutania. Makao makuu ya Turkana ni Lodwar, na ukitoka Kapedo unapita Lomelo, Lokori na Lokichar kabla hujaiona, mamia ya kilomita, kama barabara inapitika na kama siku hiyo hakuna aliyeteka gari. Chemolingot na Marigat, upande wa Baringo, ziko karibu zaidi. Weka hiyo ramani akilini, tutaihitaji.

Haraka haraka kwa wale wamechanganyikiwa na herufi. NHIF ilizaliwa 1966. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 ikaizika, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 tuko na SHA, yenye vyungu vitatu vya pesa. Chungu cha kwanza ni cha huduma za msingi. Kinajazwa na kodi, na kinalipia zahanati na vituo vya afya, yaani levo 2 na levo 3. Hapo huhitaji kuwa umelipa mchango wowote, unahitaji tu kuwa umejisajili. (Hiyo sentensi isome mara mbili, kuna watu wanakaa nyumbani na homa wakidhani zahanati itawafukuza kwa sababu hawajalipa.) Chungu cha pili, SHIF, ndicho tunachochangia: aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote, na asiye na mshahara wa mwezi anapigiwa hesabu ya kipato cha nyumba yake, kiwango cha chini kabisa kikiwa Sh300 kwa mwezi. Hiki ndicho cha hospitali za juu na kulazwa. Cha tatu ni cha dharura na magonjwa sugu, kinaingia pale cha pili kinapoishia.

Sasa twende kwa sentensi ya kwanza, ile ya "walipe kidogo".

Desemba 1989 serikali ilianza kutoza wagonjwa ada kwa hospitali za umma. Iliitwa kuchangia gharama. Sababu zilizotolewa ni zilezile unazosikia leo: bajeti imebanwa, watu wawajibike, wasije hospitali kwa kila kikohozi. Katika kliniki moja kubwa ya magonjwa ya zinaa Nairobi, watafiti walihesabu wagonjwa kabla ya ada na wakati wa ada. Wanaume walipungua kwa zaidi ya nusu. Wanawake walipungua kwa karibu theluthi. Na kumbuka hayo ni magonjwa ya kuambukiza, yule aliyebaki nyumbani kuokoa ada yake hakubaki na ugonjwa peke yake. Ada ya kujiandikisha ikasimamishwa 1990, ikarudi kidogo kidogo kwa sura nyingine, ikashushwa 2004 hadi Sh10 kwa zahanati na Sh20 kwa kituo cha afya, halafu 2013 ikaondolewa kabisa kwa ngazi hizo mbili. Miaka 24 ya kwenda mbele na nyuma juu ya swali moja.

Lakini utaniambia, hao ni watu wazima, labda waliogopa kuonekana. Sawa. Twende Busia. Michael Kremer na Edward Miguel walifuatilia mradi wa dawa za minyoo kwa shule za msingi. Dawa ilipokuwa bure, watoto watatu kati ya wanne walipewa. Wazazi walipoambiwa wachangie ada ndogo tu, wakashuka hadi asilimia 19. Na hii sehemu ndiyo muhimu: waliobaki hawakuwa ndio wagonjwa zaidi. Ada haikuchuja wenye minyoo wakabaki na wasio na minyoo wakaenda. Ilipunguza tu.

Halafu neti. Jessica Cohen na Pascaline Dupas walichukua kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya, nyingine zikapewa neti za kugawa bure, nyingine ziuze kwa bei tofauti ndogo ndogo. Kutoka bure hadi karibu Sh40, idadi ya waliochukua ilianguka kwa pointi 60 za asilimia. Na je, waliolipa walizithamini zaidi? Watafiti walienda nyumbani kuangalia kama neti imetundikwa. Hakukuwa na tofauti. Waliopewa bure walizitundika kama walionunua. Hiyo karatasi ilichapishwa 2010, na bado kila kampeni kuna mtu anasimama kusema bure haithaminiwi.

Kwa nini shilingi arobaini imtoe mtu kwa foleni? Mimi naona jibu liko kwa aina ya dawa yenyewe. Ukiwa na jino linauma utauza simu uling'oe. Lakini neti, dawa ya minyoo, tembe ya presha na ya sukari, hizo ni dawa za kitu ambacho leo hakiumi. Faida iko miaka kumi mbele, ada iko mkononi saa hii. Kwa hivyo ada inauma zaidi pale pale ambapo dawa ina maana zaidi.

Wamarekani nao waligundua hivyo kwa gharama kubwa. Kati ya 1974 na 1982 shirika la RAND liligawia familia bima tofauti kwa bahati nasibu, wengine matibabu bure kabisa, wengine walipe sehemu ya bili. Waliolipa sehemu walitumia huduma kidogo zaidi, kama ilivyotarajiwa. Ila walipunguza matibabu ya maana na yasiyo ya maana kwa kiwango kinachokaribiana. Mgonjwa hana namna ya kujua ni kidonge gani kinaweza kurukwa. Na miongoni mwa maskini waliokuwa na presha, waliopewa matibabu bure walidhibiti presha yao vizuri kuliko waliolipa.

Nyinyi wa sentensi ya pili, msianze kushangilia. Zamu yenu imefika.

Ukanda wa Kapedo, Tiaty na Turkana kuna kala-azar. Unaletwa na mdudu mdogo anayeuma usiku, anayejificha kwa vichuguu na nyufa za udongo. Mtu anakonda, homa haiishi, wengu unavimba hadi tumbo linasimama, na bila matibabu unaua. Dawa inatolewa bure. Sufuri. Hakuna ada, hakuna mchango. Lakini tiba ya kawaida Afrika Mashariki ni sindano mbili kila siku kwa siku 17, katika kituo chenye uwezo huo, kama Chemolingot au Kimalel kule Baringo. Sasa wewe ni mama wa watoto wanne, mmoja wao ndiye mgonjwa. Nani anabaki na wale watatu? Nani anachunga mbuzi? Unakula nini siku 17 mahali usipo na ndugu? Na njiani je, ukiwa Mturkana unapita eneo ambalo jana kulikuwa na uvamizi, au Mpokot unaelekea upande wa pili?

Kabla ya mchanganyiko huo wa dawa mbili, tiba ilikuwa sindano za dawa moja kwa siku 30. Kushuka kutoka 30 hadi 17 kulikuwa punguzo kubwa la bei, na bei ya dawa ilikuwa sufuri kabla na baada. Nikisikia mtu anasema "bure" huwa najiuliza anahesabu bei gani. Bei halisi ya tembe ni pesa ya kaunta, jumlisha nauli, jumlisha siku ya kazi iliyopotea, jumlisha hatari ya njia, halafu jumlisha safari ya bure ulipofika ukaambiwa dawa imeisha.

Hiyo ya mwisho ndiyo inatumaliza. Shangazi yangu anaishi upande huo na ana presha. Zahanati anayoenda (sitaitaja) wanampima bila malipo, wanamwandikia bila malipo, halafu mara nyingi wanamwambia akanunue nje. "Nje" hapo ni kemisti iliyo safari ya pikipiki kutoka kwake. Tembe zenyewe si ghali, shilingi mia chache za mwezi mzima, ila nauli inazizidi. Kwa hivyo akipata, anameza siku anazosikia kichwa kizito na kuruka siku anazojisikia vizuri, ili zifike mbali. Daktari akisikia hivyo anasema mgonjwa hafuati maagizo. Kwa hesabu ya shangazi, yeye ndiye anayebana matumizi.

Mtu atasema basi tatizo ni bei ya kiwandani, wakubwa washushe. Hilo pia limejaribiwa Kenya. Kuanzia 2015 kampuni ya Novartis ilileta mpango wa dawa za magonjwa sugu kwa dola moja kwa mwezi kwa kila tiba, bei ya kuuzia sekta ya umma na mashirika yasiyo ya faida. Tathmini yake ikachapishwa 2019. Amlodipine ya presha na metformin ya sukari zilionekana zaidi kwa rafu za vituo. Lakini watafiti walipoingia nyumbani kwa wagonjwa, hawakukuta badiliko la maana. Bei ilishuka juu ya mnyororo, na huko chini, kwa nyumba, kilichokuwa kwenye kikopo cha dawa kilibaki vile vile. Tangu ugatuzi, kaunti ndizo zinaagiza dawa, kwa kiasi kikubwa kutoka KEMSA. Kaunti ikichelewesha kulipa, shehena inachelewa. Na kituo kilicho mpakani, ambacho kaunti mbili zinabishana ni cha nani, kwa kawaida ni rahisi kukisahau kuliko kukigombania.

Na hata kila kitu kikikaa sawa, si wote watameza. Marekani kuna utafiti wa 2011 ambapo watu waliotoka kupata mshtuko wa moyo waliondolewa kabisa malipo ya dawa. Utumiaji uliongezeka, ndiyo, kwa pointi 4 hadi 6 za asilimia. Ila hata hao wa bure, karibu nusu au zaidi hawakuzitumia inavyotakiwa. Watu waliotoka kuona kifo! Kwa hivyo yeyote anayekuahidi kwamba kuondoa malipo pekee kutamaliza kazi, muulize na nusu nyingine ataifanyia nini.

Mpaka hapa nimeongea kama vile mgonjwa ndiye pekee anayepiga hesabu. Hospitali nayo inapiga, na hapa ndipo mijadala yetu huwa mitupu kabisa.

Kwa miaka mingi NHIF ilikuwa bima ya kitanda. Ililipa hospitali kwa kila siku uliyolazwa. Matibabu ya kwenda na kurudi, ambayo ndiyo ya presha, sukari na pumu, yaliingia kwa wanachama wengi 2015 tu, wakati mchango wa wasioajiriwa ulipopandishwa kutoka Sh160 hadi Sh500 kwa mwezi. Karibu miaka 49 bima ya taifa ilikuwa inangoja uanguke ndipo ikutambue.

Halafu 2015 ikaja na njia ya malipo kwa kichwa. Unachagua hospitali moja, bima inaipa kiasi fulani kwa ajili yako mwaka mzima, uje mara kumi au usije kabisa. Wazo si baya: hospitali inapaswa kutaka ubaki mzima. Lakini jiweke kwa kiti cha msimamizi. Pesa yako imeshaingia. Kila tembe ninayokupa inatoka kwa hiyo pesa. Kukuambia "hiyo hatuna, nunua nje" kunanibakishia kitu, na wewe huwezi kuhama hospitali kesho asubuhi. Sisemi kila hospitali ilifanya hivyo. Nasema mfumo uliwalipa waliofanya hivyo, na ukawaadhibu kidogo waliokuwa waaminifu. Ukiwa na wahudumu waungwana utapata mwaka mmoja ama miwili kabla uungwana haujachoka.

Chini ya SHA hospitali inalipwa Sh10,650 kwa kipindi kimoja cha kusafisha figo. Vipindi viwili kwa wiki ni Sh21,300. Na ni nini huharibu figo za watu wazima? Presha na sukari zisizodhibitiwa ziko juu kwa orodha. Mtu yule yule ambaye tulishindwa kumfikishia tembe za shilingi mia chache kwa mwezi, tunamlipia maelfu ishirini na kitu kwa wiki, maisha yake yote yaliyobaki. Usinielewe vibaya, kipindi hicho lazima kilipwe, mgonjwa wa figo hawezi kungoja sera ikomae. Ila tukiambiwa fedha hazitoshi ni vizuri tujue zinavujia wapi. Mashine ya figo inapigwa picha, utepe unakatwa, na mgeni wa heshima anatoa hotuba. Rafu iliyojaa amlodipine kule Lomelo haina wa kuikatia utepe.

Nilitaka niishie hapo lakini kuna hili la mchango wa mwaka, na limeleta makelele mengi.

Aliyeajiriwa anakatwa kila mwezi, hata hasikii. Asiye na ajira alitakiwa alipe mwaka mzima kwa mkupuo. Kiwango cha chini, Sh300 mara 12, ni Sh3,600. Watu wakasema ni ukatili. Lakini SHA haikuota tu, ilikuwa na sababu: enzi za NHIF wengi walilipa mjamzito akikaribia au upasuaji ukitangazwa, wakishapona wakaacha. Bima ambayo wanaingia wagonjwa pekee haina wazima wa kubeba mzigo, kwa hivyo inakufa. Malipo ya mwaka yanaziba huo mwanya.

Sasa yapeleke Turkana. Kwa takwimu za serikali za 2015/16 karibu watu wanane kati ya kumi kaunti hii walikuwa chini ya mstari wa umaskini, kiwango cha juu kuliko kaunti zote. Nyumba zilizo kwa mpango wa HSNP, ule wa pesa za kukinga njaa, zilipangiwa Sh5,400 kila miezi miwili. Sh3,600 ni theluthi mbili ya pesa hiyo. Yaani tunamwambia mtu tuliyempa pesa asife njaa kwamba arudishe theluthi mbili ya awamu moja kwa ugonjwa ambao hajaupata. Na mfugaji mwenye mbuzi arobaini, je? Kwa maswali ya kupima kipato anaweza kuonekana ana mali. Mbuzi wana thamani siku soko liko wazi. Kukiwa na ukame au uvamizi na soko limefungwa, ni mbuzi arobaini wenye kiu, si pesa ya kutuma kwa simu.

Mwaka 2025 zilikuja njia mbili za kupunguza makali. Moja ni Lipa SHA Pole Pole, mkopo wa kulipia mchango wa mwaka halafu unaurudisha kwa awamu. Nyingine ni serikali kuwalipia moja kwa moja wasiojiweza. Ya kwanza inamfaa mama mboga wa Lodwar mjini anayeona pesa kila siku. Kwa mtu wa Kapedo anayeona pesa mara mbili au tatu kwa mwaka, mkopo wa kila wiki ni deni tu lenye jina zuri. Ya pili ndiyo inamgusa, ikiwa jina lake litaingia kwa orodha, na orodha huandikwa na mtu anayefika kijijini. Wanaofika Kapedo ni wachache.

Namalizia Kakuma, kwa sababu huko ndiko jaribio linalofuata linafanyika na sioni likijadiliwa.

Tangu kambi ianze 1992, wakimbizi wamekuwa wakitibiwa bure na mashirika, na Waturkana wanaoishi jirani wamekuwa wakiingia humo humo. Muulize mtu wa Kakuma, wengi watakuambia wakiumwa kweli wanaelekea kambini kabla ya pengine popote. Hiyo ndiyo imekuwa bima yao, bila kadi wala mchango. Sasa Mpango wa Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unataka kambi ziwe makazi ya kawaida na huduma ziingie kwa mfumo wa serikali, SHA ikiwemo. Mwaka huo huo wafadhili walikata pesa na mgao wa chakula ukapunguzwa. Wanaotumia ARV, ambazo tangu 2006 ni bure hospitali za umma, watakuambia tembe hizo juu ya tumbo tupu ni kazi kuzimeza na kazi kuzizuia zisitoke.

Kwa hivyo watu wanatolewa kwa mfumo ambao bei kaunta ni sufuri na dawa mara nyingi iko, wakiingizwa kwa mfumo ambao zahanati ni sufuri lakini rafu haina uhakika, na hospitali inataka mchango wa mwaka. Mkimbizi asiye na kibali cha kazi atapigiwa hesabu ya kipato gani? Na Mturkana jirani yake, ambaye hakuwahi kuhesabiwa kwa bajeti ya kambi ingawa alitibiwa humo, ataandikwa wapi? Mikutano ya ushirikishwaji wa umma juu ya Shirika inafanyika Turkana. Ukiwa karibu na Kakuma au Kalobeyei, nenda uulize hayo mawili, na uulize nani ataagiza dawa na nani atazilipia KEMSA. Jibu ukilipata lilete hapa chini, nitaliongeza kwa uzi.